Mtaro wa Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua kuandika. Watu ambao hawajavuka hata barabara ya kwao wameandika vitabu, sembuse mimi niliyevuka bahari na farasi kumi na wanne ndani ya tumbo la meli, siku kumi na tisa, mawimbi kama nyumba. Farasi hawezi kutapika, Mungu hakumpa njia hiyo, kwa hiyo nilitapika mimi kwa niaba ya wote kumi na wanne. Shule niliishia darasa la sita. Wengine wanasema nilifukuzwa. Ukweli ni kwamba mimi na shule tulichokana siku moja.

Hapa mimi ni saisi mkuu, mkubwa wa watunza farasi wote, na ndiye ninayefundisha kuruka vizuizi vya porini. Sisemi vile vya uwanjani vyenye rangi za peremende, ambavyo ukivigusa vinaanguka kwa adabu. Nasema magogo, mitaro, kingo za udongo, maji. Hivi havianguki. Unaanguka wewe.

Msimu huu nina farasi mmoja na mpandaji mmoja, na wote wawili wameingiwa woga. Farasi ni jike wa kahawia, miaka tisa, tunamwita Shangazi kwa sababu anakutazama kama umekuja kumwomba kitu. Mpandaji ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, miaka ishirini na miwili, mikono laini ajabu kwenye hatamu. Agosti iliyopita, mazoezini, walianguka pamoja kwenye mtaro ulio chini ya bonde. Binti alivunjika mtulinga, huu mfupa wa juu ya kifua. Shangazi alichubuka magoti yote mawili. Mfupa umeunga na magoti yameota manyoya, lakini leo nimewapitisha karibu na mtaro ule, mwendo wa kawaida tu, na sijui ni nani aliyetetemeka zaidi.

Mashindano ni tarehe 24 Mei, mvua zikikaribia kwisha. Mwenye Shangazi ni daktari wa meno, mama wa maneno machache, na amesema waziwazi: wakimaliza njia yote, vizuizi kumi na vinane, farasi anabaki na mpwa wangu. Wasipomaliza, Jumatatu yake anachukuliwa na Kanali.

Kanali, mfundishaji wa banda la jirani, si kanali wa jeshi lolote. Cheo kakipata kwa masharubu. Farasi wake wanaruka, sikatai. Hata mimi nikifukuzwa na nyuki naruka ukuta. Anabeba fimbo mbili, moja ya kutumia na moja ya akiba.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Hakuna kilichofanyika.

Alhamisi, 6 Machi

Tumeanza chini kabisa. Gogo limelala ardhini, hata kuku analivuka. Kwanza mwendo wa kawaida, kisha mchakamchaka, mara ishirini, mpaka wote wawili wakachoka kuliogopa. Shangazi nimemfungia kamba shingoni ya binti kushika, ili binti akishtuka asimvute farasi mdomo.

Mimi husimama pembeni mwa kizuizi, karibu kabisa, na Shangazi akifika nampigia kidoko: ulimi juu kwenye kaakaa, kisha tk! Hapo hapo anainuka. Nimewapigia farasi kidoko katika nchi sita. Kuna mmoja, mweupe, hakusikia lugha yoyote ya binadamu ila ulimi wangu.

Binti alicheka mara moja leo. Meno yote nje. Sikuwa nimeyaona tangu Agosti.

Jumanne, 11 Machi

Magogo matatu mfululizo, urefu wa goti. Safi. Mimi nakimbia kutoka gogo hadi gogo na viatu vimejaa tope. Umri huu, na bado nakimbia kama nadaiwa.

Jumapili, 16 Machi

Dada yangu kaja bandani. Hakuja kusalimia. Alisimama mlangoni akiwa amejifunika kanga kichwani kwa mvua, akamtazama mwanawe akipiga tandiko sabuni, kisha akanivuta kando.

"Kaka, mimi nina mtoto mmoja."

"Najua, dada. Nilikuwepo alipozaliwa. Mimi ndiye niliyebeba ndoo za maji."

"Wewe ulibeba ndoo moja ukaenda kuwasimulia majirani." Hakucheka. "Mwaka jana uliniambia hawezi kuanguka mkiwa pamoja."

"Alitazama chini, dada. Nilimwambia siku ileile. Ukitazama ndani ya mtaro, unakwenda ndani ya mtaro."

"Basi mfundishe asitazame chini." Kisha, kwa sauti ya chini: "Anaamka anashika bega, Kaka. Hajui kwamba namwona."

Nikamwahidi. Mimi kuahidi sijawahi kushindwa.

Alhamisi, 20 Machi

Tumejaribu kijitaro kidogo, upana wa hatua moja ya mtu, kile cha kupitisha maji ya bandani. Shangazi alifunga breki. Binti akaenda mpaka shingoni, akarudi.

"Ulitazama chini," nikamwambia.

"Ndiyo, Mjomba."

Hata hakubisha. Nilipenda zaidi zamani alipokuwa akibisha.

Jumatatu, 24 Machi

Jino. Gego la nyuma, kushoto. Si kitu.

Jumatano, 26 Machi

Hii niiandike kwa herufi kubwa, lakini kalamu inakwisha. TUMERUKA MTARO. Ule ule mkubwa wa bondeni. Nilisimama ukingoni kabisa, mguu mmoja karibu uteleze, Shangazi akaja shoti, masikio mbele, nikapiga kidoko, akapaa. Mara tatu! Binti alishuka, akamkumbatia farasi shingo, kisha akanikumbatia mimi nikanuka jasho la wote wawili.

Kanali alikuwa ameegemea uzio na fimbo zake mbili.

"Bwana saisi, kazi nzuri," akasema. "Na siku ya mashindano utasimama wapi?"

"Jukwaani, kupokea kombe."

Akacheka kwa pua akaondoka. Wivu ni ugonjwa na huyu hana tiba. Sheria naijua kabla yake: siku ya mashindano mtu yeyote akimsaidia mpandaji njiani, kwa mkono au kwa mdomo, wanatolewa. Lakini kufikia siku hiyo farasi atakuwa ameiva.

Jumanne, 1 Aprili

Jino limenishinda. Daktari kaning'oa kati ya wagonjwa wawili, nikiwa na buti zangu za bandani na wauguzi wameziba pua. Nikaanza kumweleza kwamba niliwahi kung'olewa jino na mpishi wa meli, bila ganzi, kwa koleo ya kufungulia makopo.

"Fungua," akasema.

Sijawahi kukatishwa hadithi kwa ustadi ule. Shavu sasa kama nimeficha limau. Nimeambiwa nisiuchezeshe ulimi siku tatu.

Jumatano, 2 Aprili

Siku mbaya.

Asubuhi tulianza na gogo la kuku, la kupasha mwili moto. Nikasimama mahali pangu, pamba mdomoni. Shangazi akaja mchakamchaka, akafika, akasimama. Akageuza shingo akanitazama. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tano hivyo hivyo. Gogo la kuku!

Nikadhani anaumwa. Nikampima joto, nikamkagua kwato moja moja, nikamsikiliza tumbo. Mzima kama chuma. Binti akajaribu kwa miguu, kwa sauti, kwa kumbembeleza. Shangazi anasimama, ananitazama mimi, anangoja.

Basi binti akamfuta farasi jasho shingoni. Kisha akasema, "Mjomba, naomba piga kidoko. Hata kama kinauma."

Akamgeuza farasi, akaja. Niliona amelegeza hatamu zote, miguu imening'inia kama ya mtoto kwenye kiti kirefu, hafanyi lolote. Nikatoa pamba, nikapiga. Damu ilinijaa mdomo. Shangazi akaruka vizuri kabisa, kama picha ya kalenda.

Binti alimsimamisha mbele kidogo akabaki amenipa mgongo.

"Haruki kwa ajili yangu," akasema. "Anaruka kwa ulimi wako. Mimi ni mzigo tu hapa juu. Gunia la pumba lingetosha."

Nikataka kusema jambo la kuchekesha. Mdomo ulikuwa umejaa damu, nikashukuru.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua kutwa. Mpwa wangu kaja, kalisha farasi, kaondoka. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba." Hayo tu.

Ijumaa, 4 Aprili

Hili sijui niliandikaje, ila nimeketi juu ya gunia katika stoo ya chakula na hakuna mtu.

Leo mdomo ulipoa. Nikamwambia binti turudie magogo, mimi nitapiga kidoko kidogo kidogo, tutakipunguza kama mtu anavyopunguza sukari. Akakubali. Gogo la pili, la urefu wa goti, Shangazi alikuja na hatua moja zaidi ya nilivyokisia. Niliwahi. Nilipiga kidoko angali amebakiza hatua moja, na yeye, maskini mtiifu, akajitupa hewani kutoka mbali vile. Miguu ya nyuma ikaligonga gogo. Ko! Binti akashika kamba ya shingoni, akabaki juu. Hakuna aliyeumia.

Lakini mimi ule mlio naujua.

Agosti. Daktari alikuja na wageni watatu. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mtaro nawasimulia habari za meli na farasi kumi na wanne, nao wanacheka, na mmoja alikuwa anashangaa kwa mdomo wazi kama ninavyopenda watu washangae. Mpwa wangu akawa anakuja kwa shoti. Nikawaambia wageni, "Sasa tazameni." Nikapiga kidoko. Nilikipiga nikiwatazama wao. Shangazi alikuwa bado na hatua moja.

Aliruka kutoka mbali, miguu ya mbele ikapiga ukingo wa pili, ko!, wakaviringika.

Nilimfikia wa kwanza. Ninakumbuka vizuri sana kwa sababu nimelisimulia jambo hili pengine mara hamsini, jinsi nilivyoruka mtaro kwa miguu yangu miwili nikamfikia wa kwanza. Na kabla hajapata hata pumzi, uso umejaa udongo, bega limekaa vibaya, nikamwambia: "Ulitazama chini, mama. Nilikwambia usitazame chini."

Hakutazama chini. Nilimwona. Macho yalikuwa mbele, juu, mahali ninapofundisha mimi.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua. Sikumwambia.

Jumapili, 6 Aprili

Sikumwambia.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilikaribia. Akaja Daktari kuuliza habari za shavu. Nikasimulia ya mpishi wa meli mpaka mwisho safari hii, na hakuna aliyenikatisha, na haikuwa na ladha.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemwambia.

Ilikuwa saa tisa alasiri, mvua inapiga mabati ya chumba cha matandiko mpaka inabidi kupaza sauti. Alikuwa anasugua vikuku, vyuma vya kuwekea miguu, kwa mchanga na kitambaa. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi, na mimi maneno hayajawahi kunipungukia, lakini nilipofungua mdomo yalitoka matatu.

"Agosti. Nilikuwa mimi."

"Nini, Mjomba? Sisikii, mvua."

Ikabidi nipige kelele. Fikiria mtu kukiri kosa kwa kupiga kelele, kama mnadi sokoni. Nikamweleza habari za wageni, nikamweleza kidoko, hatua moja, nikamweleza macho yake yalikuwa wapi.

Akaweka kikuku chini taratibu.

"Rudia hapo pa macho."

"Hukutazama chini. Nilikuona. Ulikuwa unatazama mbele."

Akafuta mchanga mikononi. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, mdomo unacheza bila sauti, kama mwanafunzi.

"Miezi minane," akasema. "Miezi minane naamini macho yangu ndiyo yaliyotuangusha. Unajua mimi hata ngazi za nyumbani sitazami chini siku hizi? Najikwaa kila siku. Mama anadhani naumwa."

"Mwanangu…"

"Kila nikimpanda huyu farasi, namwomba msamaha. Kila siku, Mjomba. Kabla ya kufunga mkanda wa tandiko. Namwambia nisamehe, sitatazama tena." Akanigeukia. "Na wewe ulikuwa unasikia! Ulikuwa umesimama hapo hapo na ndoo yako!"

Nilikuwa nasikia, ndiyo. Nilidhani ni adabu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Ijumaa."

"Na kabla ya Ijumaa?"

Hapa ningeweza kusema sikujua. Karibu ni kweli. Lakini kuna kitu mtu anakijua kwa nyuma ya kichwa, anakirundikia maneno mbele yake kisionekane. Nikamwambia hivyo, kwa maneno mabaya kuliko haya.

Akasimama. "Toka, Mjomba."

"Hiki ni chumba changu cha kazi, mama, nitoke niende…"

"Toka!"

Nikatoka. Nilisimama kwenye mvua kama farasi aliyesahaulika nje.

Alhamisi, 10 Aprili

Hakuja.

Ijumaa, 11 Aprili

Hakuja. Nikampanda Shangazi mwenyewe kumnyoosha miguu. Nikamwomba msamaha kabla ya kufunga mkanda. Akanitazama kama nimekuja kumwomba kitu, na safari hii ni kweli.

Jumamosi, 12 Aprili

Alikuja dada yangu. Nilijiandaa kwa matusi, na yapo niliyostahili. Hakutukana. Alinitazama tu kutoka kwenye buti mpaka kwenye kofia.

"Nimekutetea kwa watu tangu tukiwa wadogo, Kaka. Nawaambia ana maneno mengi, lakini moyo mzuri. Leo mwanangu kaniuliza moyo mzuri ulikuwa wapi miezi minane, nikakosa jibu. Unalo wewe?"

Nikatazama buti zangu. Akaondoka. Chakula cha mchana sikukigusa, na mimi si mtu wa kuacha chakula.

Jumanne, 15 Aprili

Karudi. Amevaa kofia ngumu tayari, ameikaza mpaka kidevu kimekuwa chekundu. Hajaniamkia.

"Nina masharti. Moja, mdomo wako ufungwe. Usipige kidoko, usisifu, usikohoe. Mbili, utasimama mahali ninapokwambia mimi. Tatu, tunaanza upya na gogo la kuku, na atakayesema tumefika wapi ni mimi."

"Sawa."

"Hata hiyo sawa usiiseme."

Nikatikisa kichwa.

Jumatano, 16 Aprili

Nimesimamishwa hatua kumi kutoka kwenye gogo. Shangazi kakataa mara tisa. Ya kumi kalivuka kwa kutembea, huku kanigeuzia macho kama ng'ombe anayepita dukani.

Alhamisi, 17 Aprili

Hatua kumi. Kavuka mara nne kati ya kumi na mbili. Nimeuma ulimi mpaka una alama.

Jumatatu, 21 Aprili

Hatua ishirini. Mara kumi na moja kakataa, zote mfululizo. Akifika anapinda kuja kwangu, binti anateleza kulia, farasi kushoto. Nimeamriwa nigeuke nimpe mgongo. Kwa hiyo sasa kazi ya saisi mkuu wa nchi sita ni kutazama ukuta wa stoo. Nimeujua ukuta ule. Una nyufa saba.

Kanali kapita. "Umeadhibiwa, bwana saisi?"

Mdomo umefungwa. Sikujibu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake mtu kutomjibu, alikaa hapo muda akisubiri.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo niliiba, nilitazama pembeni mwa jicho.

Walikuwa kwenye kijitaro kidogo. Shangazi kakataa mara tatu. Mimi ningemrudisha na kumleta kwa kasi zaidi. Mpwa wangu alishuka. Akaingia ndani ya kijitaro, maji mpaka kwenye vifundo, akakaa kitako kwenye tope lile na hatamu mkononi. Akakaa tu. Mvua ya rasharasha inamnyeshea. Farasi alisimama ukingoni anapuliza pua, anatazama chini, anamtazama. Na binti naye anatazama chini, kwenye maji, anayachezea kwa vidole, kama mtu anayekagua alichopoteza.

Dakika ishirini hivi. Kisha Shangazi akashusha kichwa, akamnusa kofia, akaweka mguu mmoja ndani. Halafu wa pili.

Katika nchi sita sijaona hivyo. Nilirudisha macho ukutani haraka.

Jumanne, 6 Mei

Hatua hamsini, niko nyuma ya stoo kabisa. Magogo manne mfululizo. Nasikia tu. Ana sauti yake sasa, anamsemesha njia nzima: "Haya Shangazi, hilo hapo, unaliona, mimi nimeliona, twende, twende, ahsante." Kila kizuizi ahsante. Mimi farasi nimewafundisha miaka thelathini na sikuwahi kumwambia hata mmoja ahsante.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua kubwa. Kingo zimelainika. Hakuna kuruka.

Jumanne, 13 Mei

Mtaro mkubwa bado. Amefika nao mara sita leo, mara sita kamsimamisha farasi mwenyewe kabla farasi hajakataa. Siku kumi na moja zimebaki.

Daktari kaja kuuliza. Nikamwambia yote mwenyewe, Agosti na wageni wake na kidoko. Ilikuwa zamu yake kunyamaza na anaijua kazi hiyo.

"Nilikuwepo," akasema mwisho. "Nilicheka hadithi yako. Lakini nililosema kuhusu Kanali nilikwishalisema. Amenunua hata chakula cha kumlisha."

"Mpe wiki mbili zaidi."

"Farasi ana miaka tisa, saisi. Tangu Agosti nangoja."

Jumatatu, 19 Mei

Kaja mpaka nyuma ya stoo, amempanda, wote wawili wametota.

"Tumeuruka."

Sikuona. Sikusikia. Upepo ulikuwa unavuma kwingine. Nikatikisa kichwa, maana mdomo bado umefungwa kwa amri.

"Sema basi," akasema.

"Mara ngapi?"

"Moja. Sikutaka mara ya pili. Alikuwa amefurahi, nikamwacha hapo."

Mimi ningerudia mara tatu ili watu waone.

Ijumaa, 23 Mei

Tumetembea njia yote ya mashindano kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Anasimama kwenye kila kizuizi, anachutama, anagusa udongo, anahesabu hatua. Namba kumi na moja ni mtaro, mpana kuliko wa kwetu, boriti juu yake. Alitazama ndani muda mrefu.

"Unatazama chini," nikasema, nusu mzaha.

"Natazama ninakotaka," akajibu, bila mzaha.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua ilikatika alfajiri. Ardhi nzito.

Nilimkaza mkanda wa tandiko, nikamkagua viatu vya chuma vyote vinne kwa mkono wangu. Nikataka kumpa nasaha. Ninazo nyingi. Akasema, "Ukae kwenye trela. Ugeuke."

Nikakaa kwenye ngazi ya trela, nimeelekea barabarani, na njia yote iko nyuma yangu. Kulikuwa na mtangazaji kwenye kipaza sauti. Huyo ndiye aliyekuwa macho yangu.

"Namba tatu, safi." "Namba nne, safi." Mtu mmoja aliyekuwa anakula karanga karibu yangu akaniuliza mbona sitazami. Nikamwambia shingo inauma. Kwenye namba saba mtangazaji akanyamaza, moyo ukashuka magotini, kumbe anakunywa maji. "Saba, safi. Nane."

"Namba kumi, safi. Anaelekea mtaroni."

Nilikuwa nimeuweka ulimi kwenye kaakaa. Sikujua mpaka niliposikia unauma. Nikautoa nikaushika kwa meno. Mtu wa karanga alisogea mbali kidogo.

"Namba kumi na moja," mtangazaji akasema, akavuta pumzi mbele ya watu wote, "safi!"

Nililia. Sitaongeza chumvi, kilikuwa kilio cha kawaida chenye makamasi. Mtu wa karanga akanipa karatasi yake ya karanga.

Kumi na mbili safi. Kumi na tatu safi. Kumi na nne safi. Nikaanza kupanga nitakavyoisimulia.

"Namba kumi na tano… amesimama. Mpandaji kamsimamisha farasi. Ameinua mkono. Anashuka. Mpandaji anajiondoa mashindanoni."

Hapo niligeuka, amri au hakuna amri.

Walikuwa wanarudi kwa miguu, mbali, yeye kashika hatamu, Shangazi anachechemea kidogo sana mguu wa mbele kulia, kidogo hata mtu asiyejua asingeona. Tulifika kwao pamoja, mimi, Daktari, na Kanali na fimbo zake. Kiatu cha chuma kilikuwa kimejikunja kwa tope zito, na msumari mmoja umeingia upande, unamchoma kwenye nyama ya kwato.

"Vilibaki vinne!" Kanali alikuwa amefura kwa hasira kwa ajili ya farasi ambaye tayari alimwona wake. "Vinne! Alikuwa bado anaruka, kila mtu kaona, anaruka! Fimbo mbili tu angemaliza."

"Angemaliza," mpwa wangu akasema. Alikuwa bado ameshika hatamu, na alijua anachokisema kina maana gani. "Nilimsikia amebadilisha mguu baada ya kumi na nne. Angeruka vyote kama ningemwambia. Ndiyo maana sikumwambia."

Daktari alichutama na nguo zake nzuri, akauinua ule mguu mwenyewe, akautazama msumari kama anavyotazama meno. Kisha akaniangalia mimi.

"Nani kamfundisha kusimama pale?"

Watu walikuwa wamekusanyika. Mtangazaji mwenyewe alikuwa ameshuka kuja kuona. Nafasi kama hiyo, wasikilizaji kama hao, mimi nimeishi nikiitafuta.

"Sijamfundisha," nikasema. "Mimi nimefundisha kuruka tu, maisha yangu yote."

Daktari aliushusha mguu chini polepole, akafuta mikono kwenye nguo yake nzuri, akamwambia Kanali bila kumtazama kwamba chakula alichonunua asikitupe, ampe farasi mwingine.

Kanali akaanza kusema neno kuhusu makubaliano. Mpwa wangu hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameinama, paji la uso kwenye bega la Shangazi, na mguu ule mbaya amekwisha kuuinua tena.

"Huu msumari hautoki kwa vidole," akasema. "Kalete koleo."

Nikaenda mbio.